Nani Ameshika Brashi ya X?

Muhula uliopita tulikuwa na swali la UE ambalo kila mtu alilitegemea: "Eleza hatua kwa hatua jinsi seli inavyotengeneza protini." Alama 20. Tulipiga msuli kwenye vimbweta wiki nzima, madesa yamechakaa kwa kupitishwa mkono kwa mkono, na aliyelikosa swali lile alijitakia mwenyewe. DNA inanakiliwa kuwa RNA, ribosomu inaisoma RNA, asidi amino zinaungwa moja baada ya nyingine, protini imezaliwa. Tumeandika, tumekusanya karatasi, tumekwenda kula chipsi.

Hakuna aliyeulizwa protini inakufaje.

Baadaye nilirudi kuhesabu kwenye daftari langu. Vipindi vya ujenzi wa protini vilikuwa vinane. Vya ubomoaji wake? Slaidi mbili, mwisho wa kipindi cha Ijumaa jioni, na maneno ya mwalimu: "Hii mtajisomea." Wewe na mimi tunajua maana ya "mtajisomea". Maana yake haiji kwenye mtihani, kwa hiyo hakuna atakayeigusa.

Naandika makala haya kusema kwamba kosa hilo si dogo. Somo tulilolipa slaidi mbili ndilo ambalo dunia ya dawa inalikimbilia sasa hivi. Na zaidi ya hapo, ndilo somo linaloeleza jinsi magonjwa mawili yaliyozika watu wengi wa kwetu yanavyofanya kazi. Ukiniambia "hiyo sayansi si ya kwetu", nitakujibu kwamba virusi havijawahi kufikiri hivyo.

Tuanze na X.

Aliyekulia kando ya barabara kuu yoyote ya nchi hii anaijua alama ya X. Unaamka asubuhi, ukutani pamepakwa X nyekundu. Aliyepaka hajavunja hata tofali moja. Amepaka, ameondoka, pengine hata jina lake hamlijui. Lakini mtaa mzima umeshaelewa: nyumba hii siku zake zinahesabika. Tingatinga likija halibishani na mtu. Linaangalia X, linasukuma.

Ndani ya seli zako, muda huu unaposoma, kazi hiyo hiyo inaendelea. Rangi yake inaitwa ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76. Protini ikichakaa, ikikunjwa vibaya, au ikimaliza kazi yake, inabandikwa mnyororo wa ubikwitini. Tingatinga lake linaitwa proteasomu, mashine yenye umbo la pipa ambayo huingiza protini iliyowekwa alama na kuikatakata vipande vidogo. Wapaka rangi wenyewe ni vimeng'enya viitwavyo ligasi za E3. Binadamu tunakadiriwa kuwa na zaidi ya 600, na kila mmoja ana orodha yake ya nyumba anazoruhusiwa kupaka.

Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose waliuchambua mfumo huu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Wakati ule wengi walikuwa wanahangaika na jinsi protini inavyojengwa. Hawa waliuliza swali ambalo lilionekana la mwenda dampo: takataka zinaondokaje? Ikaja kuonekana kwamba si suala la takataka tu. Seli haiwezi kugawanyika bila kubomoa protini fulani kwa wakati wake. Ubomoaji ni uongozi. Anayeamua nini kibaki na nini kiondoke ndiye anayeiendesha seli.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa nyingi tunazofundishwa kwenye famakolojia zinafanya kazi kwa kuziba. Protini yenye madhara ina kitundu, dawa inaingia kwenye kitundu, kazi inasimama. Shida ni mbili. Kwanza, protini nyingi hazina kitundu cha maana cha kuziba. Uso wake ni laini kama ukuta uliopigwa lipu vizuri. Pili, dawa ya kuziba inabidi ikae pale pale. Ikitoka, protini inaendelea na shughuli zake.

Mwaka 2001, Kathleen Sakamoto, Craig Crews wa Yale na Raymond Deshaies wa Caltech pamoja na wenzao walichapisha wazo tofauti. Walitengeneza molekuli yenye ncha mbili. Ncha moja inashika protini unayotaka iondoke, ncha ya pili inamshika mpaka rangi, yaani ligasi ya E3. Ukiwakutanisha wawili hao karibu karibu, mpaka rangi anapaka X kwenye nyumba ambayo haikuwa kwenye orodha yake. Tingatinga linafanya linalojua kufanya. Molekuli hizo walizipa jina la PROTAC.

Mimi naziita dalali. Dalali hanunui nyumba wala hauzi. Kazi yake ni kuwakutanisha watu wawili, biashara ikishafanyika anaondoka kutafuta wateja wengine. PROTAC ndivyo ilivyo: protini ikishapakwa alama, molekuli inaachia na kwenda kwenye protini nyingine. Moja inaweza kubomoa nyingi. Na haihitaji kitundu cha kuziba, inahitaji mahali popote pa kushika.

PROTAC ya kwanza ilijaribiwa kwenye majimaji ya mayai ya chura, si kwa mgonjwa. Ilikuwa kubwa mno, kuingia kwenye seli ilikuwa kazi. Ilichukua hadi 2019 kwa wagonjwa wa kwanza kupewa dawa za aina hii kwenye majaribio: moja ya saratani ya tezi dume, nyingine ya saratani ya matiti. Ile ya matiti, vepdegestrant, ilifika hatua ya tatu ya majaribio. Kutoka majimaji ya chura hadi mwili wa mgonjwa, miaka 18. Umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hadi hapo utasema: vizuri, hongera Wamarekani. Sisi tunahusikaje?

Mama mdogo wangu aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi nikiwa mwaka wa pili. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana; kuna uwezekano mkubwa na wewe una mama mdogo, shangazi au jirani. Alikuja Dar kwa mionzi, akafikia kwetu. Jioni nikitoka chuo nilikuwa namkuta amekaa kibarazani, khanga begani, amechoka. Siku moja baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ndio unasoma mambo ya mwili huko? Hebu nieleze hiki kitu kimeniingiaje."

Nilijua jibu la kwenye bango la zahanati: kirusi cha HPV. Nilisema hivyo. Akaniangalia. "Kirusi hata mafua ni kirusi. Mbona mafua hayajanifanya hivi?"

Nilikwama. Mtu wa mwaka wa pili, GPA yangu nzuri tu, nimekwama kwenye swali la mama aliyeishia darasa la saba. Usiku ule ndio nilifungua zile slaidi mbili.

Hiki ndicho nilichokuta. Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo p53. Kazi yake ni ulinzi. DNA ikiharibika, p53 inaisimamisha seli isigawanyike mpaka marekebisho yafanyike, na ikishindikana inaiamuru seli ijiue. Katika saratani nyingi utakuta jeni ya p53 yenyewe imeharibika. Lakini kwenye saratani nyingi za shingo ya kizazi jeni hiyo ni nzima kabisa. Mlinzi anaajiriwa kila siku, anakuja kazini kila siku, na kila siku anaondolewa.

Anaondolewaje? Kirusi cha HPV, hasa aina ya 16 na 18, kinatengeneza protini yake ndogo iitwayo E6. E6 haina uwezo wa kumvunja p53. Inachofanya ni udalali. Inamkamata mpaka rangi mmoja wa seli, ligasi iitwayo E6AP, inamkokota hadi kwa p53, na E6AP inampaka p53 alama ambayo kwa kawaida isingempaka. Proteasomu inamaliza kazi. Watafiti walionyesha mwaka 1990 kwamba E6 inasababisha p53 kubomolewa, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba E6AP ndiyo ligasi inayohusika. Protini nyingine ya kirusi hicho hicho, E7, inamfanyia hivyo hivyo mlinzi mwingine aitwaye Rb.

Soma tena aya hiyo, kisha urudi kwenye PROTAC ya 2001. Ni mbinu ile ile. Kirusi kilikuwa kinafanya ubomoaji wa kulenga protini ndani ya miili ya mama zetu kabla mwanasayansi yeyote hajaufikiria.

Na si HPV peke yake. Seli zetu zina protini iitwayo APOBEC3G ambayo inaivuruga HIV inapojaribu kunakili jeni zake. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba HIV ina protini iitwayo Vif, ambayo inawaita wapaka rangi wa seli na kumpaka X APOBEC3G. Mlinzi mwingine chini. Nchi zetu zimeishi na HIV miaka zaidi ya 40, kampeni tumeziimba tangu shule ya msingi, lakini ni wangapi kwenye darasa letu wanajua kwamba kirusi hicho kinashinda kwa kumiliki brashi?

Kesho yake nilimweleza mama mdogo. Sikutaja E6 wala E6AP. Nilimwambia habari ya X, maana kwao nyumba zilishawahi kupakwa. Nikamwambia kirusi hakivunji ukuta, kinampeleka mpaka rangi kwenye nyumba isiyo na kosa. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo mlinzi wangu yupo. Hajafa. Anavunjwa tu kila akisimama."

"Ndiyo, mama."

"Na hayo ndiyo mnayosoma huko?"

Nikasema kweli: "Slaidi mbili, mama."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka.

Muda mfupi baadaye tukatakiwa kupendekeza mada za mradi wa mwaka wa tatu. Nikaandika ukurasa mmoja kuhusu E6 na p53. Jibu nililopata lilikuwa la upole, na aliyenijibu ni mtu ninayemheshimu, kwa hiyo simtaji. Alisema: "Binti, hii ni mada ya wenye maabara. Sisi tuna mambo yetu ya msingi. Chagua kitu kinachowezekana." Nikabadilisha mada. Nilihitaji kumaliza, bumu halisubiri, na sapu sitaki.

Lakini jibu lile nimelitafakari muda mrefu, na naomba nilitendee haki kabla ya kulipinga. Hoja yake ina uzito. Pesa hatuna. Friji ya nyuzi joto hasi 80 ukiwa nayo moja, umeme ukikatika unaanza kuomba dua. Na kwa saratani ya shingo ya kizazi, kinachookoa maisha leo si PROTAC. Ni chanjo na uchunguzi wa mapema. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Nilikuwa mmoja wao. Tulipanga foleni nyuma ya darasa, na wenzetu watatu walikimbilia chooni kwa sababu walisikia inazuia kuzaa. Mtu akiniambia shilingi moja ikipatikana iende kwenye chanjo, nampigia makofi.

Ninachokataa ni kuruka kutoka "hatuna pesa ya kutengeneza dawa" hadi "hatuna sababu ya kuelewa". Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuelewa hakuhitaji friji ya hasi 80. Wale wenzetu watatu wangeambiwa kwamba chanjo ile ni ganda tupu la kirusi, halina E6 wala E7 ndani yake, halina dalali wa kumpelekea p53 mpaka rangi, pengine angalau mmoja angetoka chooni. Aliyetuelimisha siku ile alisema tu, "Ni salama, msiogope." Kumwambia binti wa miaka 14 asiogope bila kumweleza ni sawa na kutomwambia kitu. Na huyo mwelimishaji alisoma wapi? Alisoma mahali kama hapa, kwa slaidi kama zile mbili.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Inaitwa thalidomaidi.

Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikasambaa nchi zaidi ya 40, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu cha asubuhi. Ilipoondolewa sokoni Ujerumani mwishoni mwa 1961, inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono na miguu mifupi. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa kwa sababu ofisa mmoja wa mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, alikataa kuipitisha, akidai ushahidi zaidi.

Dawa ile haikuzikwa. Mwaka 1964 daktari Jacob Sheskin, Jerusalem, aliwapa wagonjwa wa ukoma waliokosa usingizi kwa maumivu, akashangaa kuona vinundu na homa zao vinapungua. Baadaye ikaja kusaidia kwenye saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Watu waliipata faida na waliona madhara, lakini hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Jibu lilikuja mwaka 2010, kutoka Japani: thalidomaidi inajibandika kwenye protini iitwayo serebloni, ambayo ni sehemu ya ligasi ya E3. Mpaka rangi! Dawa ikishajibandika, mpaka rangi anabadilisha orodha yake. Kwenye mayeloma, dawa za ukoo huu zinamfanya apake protini mbili ambazo saratani inazitegemea, na hiyo ilionyeshwa mwaka 2014. Kwa mtoto aliye tumboni, anapaka protini iitwayo SALL4, inayohitajika mikono na miguu iote. Hiyo ilionyeshwa mwaka 2018. Zaidi ya miaka 55 tangu dawa iondolewe sokoni.

Dawa ile ile, brashi ile ile. Tofauti ni nyumba gani imepakwa, na katika mwili wa nani.

Sasa sikiliza hili. Panya wa maabara wenye mimba wakipewa thalidomaidi hawaonyeshi ulemavu kama wa binadamu. Kwa nini? Moja ya sababu ni kwamba serebloni ya panya inatofautiana na yetu kwa asidi amino moja tu mahali muhimu, na SALL4 ya panya nayo ina tofauti yake. Herufi chache kwenye jeni, na dawa inakuwa dawa nyingine.

Unaona ninakoelekea. Watu wa Afrika ndio wenye jeni za aina nyingi zaidi duniani, na ndio waliochunguzwa kidogo zaidi. Kizazi hiki kipya cha dawa kinategemea kabisa jinsi dawa, mpaka rangi na protini lengwa vinavyokaa pamoja kama mafiga matatu. Figa moja likisogea kidogo, sufuria inaweza kuinama. Je, serebloni za watu wetu zina tofauti zenye maana? Hilo ni swali ambalo Boston haina haraka nalo. Kama sisi hatutaliuliza, tutaletewa dawa zimefungwa tayari, na sisi tutakuwa wa kusoma karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi.

Na swali hilo halihitaji friji. Mradi wa Jenomu 1000, uliochapisha jeni za watu kutoka sehemu mbalimbali za dunia, una sampuli za Waluhya wa Webuye, Kenya, na data zake ziko wazi kwa yeyote. Maumbo ya protini yanapatikana bure kwenye Benki ya Data za Protini tangu miaka mingi, na tangu 2021 kuna hifadhi ya AlphaFold yenye maumbo yaliyokadiriwa na kompyuta, nayo bure. Mwanafunzi mwenye laptop iliyochoka na bando la intaneti la wiki anaweza kulinganisha serebloni ya Webuye na ya kwingine, akaona kama kuna tofauti mahali dawa inapogusa. Huo ni mradi wa mwaka wa tatu. Unawezekana. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchapisha na kujalidi ile ripoti tunayoipeleka maktaba ikaliwe na mende.

Watasema mada ni ngumu kwa wanafunzi wetu. Ngumu? Nani hakupanda maharage kwenye boksi lenye tundu moja akiwa sekondari, akaona mche unapinda kufuata mwanga? Tuliambiwa sababu ni oksini, tukaandika, tukapata vema. Hakuna aliyetuambia oksini inafanyaje kazi. Inafanya kwa gundi: inajibandika kwenye mpaka rangi wa mmea, protini iitwayo TIR1, na kumgandisha kwenye protini zinazozuia ukuaji. Zinapakwa X, zinabomolewa, mmea unakua. Habari hiyo ilijulikana mwaka 2005. Wajapani wakaenda mbali zaidi: mwaka 2009 walichukua mfumo huo, wakauingiza kwenye seli za chachu na za wanyama, na leo maabara nyingi hutumia TIR1 ya mpunga. Mpunga huu huu wa Kyela na Mbarali, kama jamii ya mmea. Ukiongeza oksini, protini uliyoichagua inatoweka kwa muda mfupi, unaona seli inapata shida gani bila hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Glasgow waliutumia mfumo wa oksini kwenye vimelea vya malaria vya panya ili kujua protini gani vimelea haviwezi kuishi bila hiyo.

Malaria, mpunga, maharage kwenye boksi. Bado si ya kwetu?

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayaweka kwa adabu.

Kwa walimu wetu: tupeni vipindi viwili. Sisemi vinane. Viwili tu, na swali moja la UE. Mnajua kabisa kwamba hapa chuoni kisichoulizwa hakisomwi. Mkiweka swali la alama 10, "Eleza jinsi HPV inavyomwondoa p53", mwaka mmoja tu utatosha, kila kimbweta kitakuwa kinajadili E6.

Kwa wanaopitisha mada za miradi: mradi wa kompyuta usionekane mradi wa mvivu. Mwanafunzi akija na swali kutoka kitandani kwa mgonjwa wake, msaidieni alipunguze liwezekane, msimwambie alibadilishe. Mimi nililibadilisha. Nitamaliza na alama nzuri kwenye mada ambayo, nikiulizwa nyumbani, sina hamu ya kuieleza.

Kwetu sisi wanafunzi, na hapa najisema na mimi: tuache kungoja desa. Zile slaidi mbili zilikuwepo kwenye flashi yangu mwaka mzima. Nilizifungua siku nilipoaibika mbele ya mama mdogo. Isingekuwa swali lake ningemaliza shahada bila kujua. Tukutane hata watano, Jumamosi moja kwa mwezi, tusome makala moja na tuielezane kwa Kiswahili. Nasisitiza Kiswahili. Nilipojaribu kumweleza mama mdogo ndipo nilipogundua kipi nakielewa na kipi nilikuwa nakariri. Ukiweza kumweleza mama kibarazani, mtihani ni kitu kidogo.

Mama mdogo alimaliza mionzi na kurudi kwake. Anakwenda kliniki kwa tarehe zake. Mwezi uliopita alinipigia simu, si kuhusu afya yake. Mdogo wangu, binti yake wa mwisho, alikuwa ameleta karatasi ya chanjo kutoka shule, na jirani alishafika kuwaambia habari za kutozaa. Nikamuuliza, "Sasa umemjibuje, mama?"

"Nimemwambia ile ni ganda. Haina dalali ndani." Kisha akaongeza, "Lakini ameniuliza swali jingine, mwanangu, nikashindwa. Ameuliza huyo mpaka rangi mwenyewe, kwa nini asifukuzwe kazi?"

Ni swali zuri. Ukimfukuza mpaka rangi, kazi zake halali nani atafanya? Watoto wanaozaliwa bila E6AP kufanya kazi kwenye ubongo wanapata ugonjwa uitwao Angelman, wanachelewa kukua kiakili na kuongea. Kwa hiyo mpaka rangi hafukuzwi. Anayetakiwa kuondolewa ni dalali. Na kuna maabara zinahangaika na hilo hilo sasa hivi, kumtenganisha E6 na E6AP ili mlinzi asimame.

Jirani wa mama mdogo anauza genge. Ameuliza swali la mradi wa shahada ya tatu bila kuona hata slaidi moja. Sisi tulikuwa nazo mbili.